Salamu Zimfikie Vumilia

Nusu ya kichwa cha Vumilia ilikuwa imeshasukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kama zimeona nyoka, na redio juu ya friji ilikuwa inamwimbisha Orville Tennant.

Sasa kama hukuwepo miaka ile, wewe jua tu hivi: Orville Tennant alikuwa Mjamaika, lakini alikuwa wetu. Hakuwahi kukanyaga Kitale wala Bukoba, na bado kule hakuna harusi iliyofungwa bila yeye. Mtu akikosana na mkewe ananunua kanda ya Orville kabla hajafikiria kununua kitenge. Ile sauti! Laini, ya mtu anayeomba msamaha hata kabla hajakosa. Alipofariki mwaka wa tisini na saba, wanaume wazima walilia kwenye korido za hospitali za Washington wakiwa na mopu mkononi. Sasa ilikuwa Novemba ya tisini na nane, mwaka umetimia, na ile redio ndogo ya jamii kule Maryland, kwenye kipindi cha Wakaribea cha Jumamosi, ilishatangaza wiki nzima: leo ni Orville tu, mchana kutwa, na simu ziko wazi.

Aliyekuwa anasuka ni Bilha, Mkenya wa Kitale, mdomo wake na vidole vyake vinakimbizana. Nyumba ilikuwa ya Bilha, kule Lanham. Vumilia, Mtanzania wa Njombe, alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni tangu Agosti, na wote wawili walikuwa wanahudumia wazee katika nyumba moja ya Greenbelt, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza.

"Enda uoshe hiyo side ingine," Bilha alisema. "Ina mafuta kama sufuria ya mandazi."

"Ni hiyo hiyo uliyoipaka wewe."

"Enda bwana, kabla nibadilishe mawazo nikuache hivyo uende kazi ukitisha wazee."

Vumilia akacheka, akaenda bafuni, akafungua maji. Na Bilha, alipobaki peke yake na Orville, akapunguza sauti ya redio, akanyanyua simu ya ukutani.

Hapa lazima umwelewe Bilha. Kwenye mambo ya salamu, huyu hakuwa mtu wa mchezo. Kule Kitale alikuwa katibu wa klabu ya salamu, wale watu wanaonunua kadi, wanaandika majina, wanatuma redioni, halafu mji mzima unasikia fulani anamkumbuka fulani. Klabu yao ilikuwa na sheria: salamu bila jina kamili na mahali mtu anapopatikana si salamu, ni upepo. Utasemaje unamsalimia Wafula, wakati Wafula wamejaa soko zima? Unasema Wafula yupi, mtoto wa nani, anakaa nyuma ya kinu gani cha posho. Hapo ndipo Wafula anavimba kichwa. Ndiyo zawadi yenyewe hiyo.

Vumilia alipofunga bomba alisikia sauti ya Bilha mara mbili. Moja ilitoka jikoni. Nyingine ilitoka kwenye redio ya jirani wa chini, imechelewa kidogo, inapanda kupitia sakafu.

"...na salamu zangu za mwisho," Bilha alikuwa anasema kwa Kiingereza chake cha sherehe, "zimfikie dada yangu wa hiari, Vumilia Mlowe, tunakaa naye hapa Lanham, Good Luck Road, yale maghorofa ya matofali mekundu nyuma ya laundry, juu kabisa, mlango wa kushoto. Vumilia, popote ulipo, pokea salamu!"

Popote ulipo. Alikuwa bafuni, maji yanamtiririka shingoni, na miguu imekataa kusogea.

Alipotoka, Bilha alikuwa anarudisha simu ukutani, amefurahi mpaka meno ya mwisho.

"Umeskia? Aki sema umeskia! Miss Claudette wa redio amesema jina lako ni tamu kama ya malkia."

"Bilha, umefanya nini?"

"Nimekusalimia! Si leo ni siku ya Orville? Kwani kwenu Tanzania mtu akisalimiwa analia?"

Vumilia hakuwa analia. Alikuwa anafunga komeo la mlango, halafu ule mnyororo, halafu anarudi kukagua komeo tena.

"Laurean anasikiliza hicho kipindi," alisema.

"Nani? Bwanako? Si ulisema mliachana tu kidogo?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake tangu Agosti. Tumeachana kidogo. Alisema hivyo kwa sababu ya aibu, maana utaanzaje kumwambia mtu aliyekupa kochi lake kwamba mumeo alikuwa akienda kazini anatoka na waya wa simu mfukoni? Kwamba anafunga mlango kwa nje na ufunguo anaondoka nao? Laurean alikuwa dereva wa teksi pale uwanja wa ndege karibu na Herndon, kule Virginia, na watu wote walimpenda. Kanisani ndiye anayebeba viti. Akikosea, na alikosea vibaya, alirudi jioni na maua na kanda ya Orville, anaweka ule wimbo mmoja wa njiani, anapiga magoti katikati ya nyumba.

Vumilia akanyoosha mkono wa kushoto, akamwonyesha Bilha vidole viwili vilivyopinda.

"Niliwaambia kazini ni mlango wa gari."

"Ndiyo, ulisema."

"Ulikuwa mlango wa chumbani. Aliufunga. Halafu akauegemea."

Bilha alikaa kwenye kiti cha kusukia.

"Anaendesha gari na redio yake haizimwi," Vumilia alisema. "Na siku ya Orville hasikilizi kitu kingine."

"Labda alikuwa anabeba mizigo ya mtu. Labda amezima. Vumi, labda hakuskia."

Basi wakakaa wanaitazama redio kama unavyoitazama sufuria ya maziwa jikoni, ukiwaza kwamba ukigeuka tu, yanamwagika. Ukapita wimbo. Akapiga simu mzee mmoja wa Grenada, akasema Orville alimpa mke na watoto. Ukapita wimbo mwingine. Akapiga mama wa Silver Spring, akaimba mwenyewe, vibaya, mpaka Bilha akataka kutabasamu. Vumilia akaanza kupumua mpaka chini. Labda. Labda kweli.

"Na sasa tuna mpigaji kutoka Herndon, Virginia," akasema Miss Claudette, yule mtangazaji, mama wa Trinidad mwenye sauti ya keki. "Karibu, mpenzi."

"Asante, Miss Claudette. Naitwa Laurean."

Bilha akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yule Vumilia aliyesalimiwa muda si mrefu," ile sauti iliendelea, Kiingereza kizuri, polepole, kina adabu zake zote, "yule ni mke wangu. Sijui alipo tangu Agosti. Nimemtafuta hospitalini. Nimeulizia mpaka mochwari." Hapo sauti ikakatika, mahali penyewe hasa panapotakiwa kukatika. "Leo Orville amenirudishia mke wangu. Naomba unipigie ule wimbo wa njiani. Mwambie salamu nimezipokea. Mwambie nakuja."

"Oh, mwanangu," alisema Miss Claudette, na alikuwa analia, unasikia kabisa. "Mmesikia, wapenzi? Nani alisema Orville amekufa? Una neno lolote kwake, kwa lugha yenu?"

Halafu kwa Kiswahili, taratibu, kitamu kama uji wa mgonjwa:

"Vumi mama, usitoke."

Wimbo ukaanza.

Unaujua wimbo wa aina hiyo. Mwanaume anatembea kumfuata mpenzi wake, mvua inanyesha, daraja limevunjika, mbwa wanabweka, na kila ubeti anasema amefika wapi sasa. Ubeti wa kwanza yuko mbali. Ubeti wa pili amevuka mto. Watu wakiusikia wanashika vifua, wanasema haya ndiyo mapenzi. Vumilia aliusikia akafumba macho. Alimwona. Anatoka Herndon. Anaingia Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, mkono mmoja kwenye usukani. Anavuka mto Potomac. Yuko Maryland. Na ubeti wa mwisho Orville yuko chini ya dirisha.

"Vaa viatu, tutoke," alisema Vumilia.

"Na gari gani? Yangu iko kwa fundi."

"Kwa miguu basi!"

"Twende wapi kwa miguu, na yeye ni mtu wa teksi? Barabara ni moja, Vumi. Tutakutana naye hapo kwa kituo cha mafuta tukiwa tumebeba mifuko kama kuku wa Krismasi." Bilha alikuwa ameshashika simu, anampigia Mutai, binamu yake mwenye gari. Mutai alikuwa kazini Virginia, ng'ambo ya Herndon. "Kuja! Wacha kazi, kuja! Ati ufike lini? Mutai, mtu anauawa!" Akakata. "Anakuja. Lakini yuko mbali."

"Mbali kuliko Laurean?"

Bilha akanyanyua simu tena.

"Tuite polisi," alisema.

"Hapana."

"Vumi..."

"Karatasi zangu za kukaa hapa ziko chini ya zake. Aliniambia siku nikimwita polisi, yeye atawaonyesha passport yangu tu, basi, nitapandishwa ndege na nguo nilizovaa."

Na wakati huo redio inafanya nini? Redio imepagawa! Kila anayepiga simu anazungumzia jambo moja. Mama wa Barbados anasema dada, msamehe. Msichana wa Takoma Park anasema usipomsamehe wewe, nitaolewa naye mimi. Mkenya mmoja, tena mtu mzima, akapiga kuwatafsiria watu: "Hilo jina maana yake ni mtu wa kuvumilia. Sasa kama Vumilia havumilii, nani atavumilia?" Studio nzima ikacheka. Miss Claudette akacheka. Kule Lanham, mtu mwenye jina hilo alikuwa anasukuma kochi kuelekea mlangoni.

Simu ya ukutani ikalia, wote wawili wakaruka. Alikuwa Honorata, shangazi yake Laurean, mwanamke mkubwa wa Bukoba anayekaa karibu tu hapo Greenbelt. Vumilia alikuwa amemkwepa tangu Agosti, anabadilisha hata njia ya kwenda dukani.

"Mwanangu!" Honorata alikuwa anapiga kelele za furaha. "Kumbe uko hapa puani kwangu? Nimesikia kila kitu, na namba wamenipa hapo redioni. Nakuja na keki. Lazima mtu mzima awepo, mambo kama haya hayasuluhishwi na watoto wawili."

"Shangazi, nakuomba. Mzuie. Mpigie simu umzuie."

"Kumzuia tena? Mtoto analia redioni! Jioshe uso, mama, vaa kitu kizuri. Mimi nilimlea Laurean, namjua moyo wake." Akakata simu.

Bilha akakimbia ghorofa ya chini yao kwa yule jirani mwenye redio, bibi wa Kijamaika, kumwomba awafiche japo bafuni. Akarudi na kofi la mgongo na busu la shavu. Yule bibi alikuwa ameshavaa kofia yake ya Jumapili, redio mlangoni, anangoja. Alikuwa amemwambia Bilha: "Mwambie asione haya. Wanaume wa hivi wamekwisha."

Vumilia alikuwa dirishani. Uwanja wa magari chini ulikuwa umejaa, na watu wametoka kwenye vibaraza vyao na makoti, na vikombe, kama watu wanaongojea maandamano. Walijua. Wote walikuwa wamesikia anwani.

Teksi ikaingia taratibu.

Haikupiga honi. Iliegeshwa katikati, milango yote minne ikafunguliwa, na redio ikapandishwa juu mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka: kipindi kile kile, Orville yule yule. Laurean akatoka na shati jeupe na maua. Akaangalia juu. Akaona dirisha lenyewe moja kwa moja, juu kabisa, kushoto, na akatabasamu, na watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Sijui alijifunza wapi, alikuwa wa El Salvador.

"Bilha. Bilha, mlango wa chini umefungwa?"

Mlango wa chini ulikuwa umefungwa vizuri kabisa. Na yule bibi wa kofia alikuwa anashuka, ngazi kwa ngazi, ana haraka ya kwenda kuufungua.

Viatu vikaanza kupanda. Vumilia aliijua hiyo miguu. Haikuwa na haraka. Nyuma yake kulikuwa na miguu mingine, slipa, viatu vya watoto, majirani wanamfuata wanacheka kwa kunong'ona. Bilha alikuwa amekwenda kwenye simu tena. "Nampigia huyo Claudette," alisema, akakosea namba, akaanza upya. "Mimi ndio nilisema, mimi ndio nitatoa. Nitamwambia watu waondoke." Huko studio wakamwambia azime redio yake, asubiri, ataingia hewani baada ya mtu mmoja. Akazima redio. Sasa nyumba yao ilikuwa kimya, na Orville alikuwa anapita chini ya sakafu tu.

Hodi ikabishwa. Taratibu, kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Mpenzi wangu," alisema Laurean kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha ngazi zote. "Ni mimi. Nimekosa. Mbele ya watu hawa wote nasema nimekosa."

"Aaaah," zikaitikia ngazi.

Halafu akasogea. Vumilia alisikia kitambaa cha shati kinagusa ubao. Alikuwa ameweka mdomo pale pembeni, kwenye ufa kati ya mlango na fremu, na sasa alisema kwa Kiswahili, chini chini, sauti ile ile ya upole, ambayo ukiwa hujui lugha ungefikiri anabembeleza mtoto.

"Fungua kabla sijakasirika. Unanidhalilisha mpaka redioni? Fungua, tabasamu, watu waende zao."

Na tena kwa Kiingereza: "Nimekuletea maua, mpenzi."

"Mfungulie!" akaita yule bibi. "Mfungulie, mtoto!"

Vumilia alitaka kupiga kelele. Lakini hata angepiga, watu wangesema nini? Wangesema anaona haya. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anamsikia Laurean wa kweli, na alikuwa upande wa ndani wa mlango. Wawili, ukimhesabu Bilha. Akamgeukia. Bilha alikuwa amesimama na mkono wa simu sikioni, macho yamemtoka.

"Wamesema niongee," alinong'ona. "Niko hewani. Vumi, niseme nini?"

Sasa sikia alichofanya. Hakufikiri, maana ukifikiri huwezi. Alimnyang'anya Bilha ule mkono wa simu, akavuta waya wote uliojikunja mpaka ukanyooka, akarukia juu ya kochi, akapiga magoti, na akauweka pale kwenye ufa. Akaushika kwa mikono miwili.

"Laurean," alisema. Ilitoka kama sauti ya mtu mwingine. "Sijakusikia vizuri. Sema tena."

"Hujanisikia?" Alicheka kidogo. "Nasema hivi. Hawa wajinga wakiondoka, tutabaki mimi na wewe. Ile safari nilianzia kwenye vidole. Leo sitaanzia kwenye vidole."

Kukawa na nafasi ndogo, kama ya kumeza mate.

Halafu Laurean akasikia sauti yake mwenyewe inatoka chini ya ngazi, kwenye nyumba ya yule bibi. *Ile safari nilianzia kwenye vidole.* Ikatoka kwenye nyumba ya mkabala. Na kule nje, kwenye teksi yake mwenyewe, milango minne wazi, spika zimepandishwa mpaka mwisho, ikaunguruma juu ya uwanja mzima: *Leo sitaanzia kwenye vidole.*

"Sikilizeni hiyo lugha, wapenzi," alisema Miss Claudette kwenye spika zote. "Inateleza kama asali."

Hakujua. Masikini, hakuna aliyejua! Watu wa kwenye ngazi walikuwa bado wanatabasamu. Lakini Laurean alikuwa ameganda, na Vumilia, jicho lake likiwa karibu na ufa, aliona shati jeupe limeacha kupumua.

"Umefanya nini?" aliuliza Laurean. *Umefanya nini,* zikauliza redio. "Zima. Zima hiyo simu! Nitakuua, Vumilia, zima!" *Nitakuua,* likasema gari lake.

Kule studio kitu kikaanza kutokea. Unasikia Miss Claudette anasema, "Naona simu zote zinawaka, kuna nini, subirini," halafu akaingia mwanaume anahema, yule yule Mkenya wa kutafsiri majina, hana utani tena: "Mama, huyo mtu anasema atamuua. Huyo mtu anasema atamuua! Tumeni polisi hapo, si mmetajiwa mahali?"

Na hiyo ilikuwa kwa Kiingereza.

Makofi yaliisha kama yamekatwa na kisu. Yule bibi wa kofia akasema, "Bwana Yesu," halafu akasema kitu kwa lugha ya kwao ambacho si cha kanisani. Laurean akaupiga mlango teke moja, lote, komeo likang'oka, mnyororo ukaruka ukashika, kochi likarudi nyuma kiasi cha kiganja. Vumilia alirushwa mgongo ukapiga sakafu. Bilha akajitupa juu ya kochi na uzito wake wote, uzito wa mwanamke anayegeuza wazee kila siku, na akapiga yowe lililomchana koo, la Kitale, la kuita kijiji.

Teke la pili halikuja. Miguu ilikuwa inashuka, sasa ina haraka.

Vumilia alitambaa mpaka dirishani. Aliogopa kuangalia na aliogopa zaidi kutoangalia. Laurean alitokea chini, maua hana, akaingia kwenye gari, akarudi nyuma kwa nguvu, akafunga breki. Kulikuwa na gari kubwa la familia limesimama limekatiza nyuma yake, kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa na mwenye gari alikuwa na haraka ya kuja kusuluhisha. Honorata alikuwa amesimama kando ya mlango wa teksi, kitenge chake cha harusi, boksi la keki mikononi. Alikuwa amesimama hapo muda wote huo. Alikuwa amesimama mbele ya spika.

"Toa gari, shangazi!" Laurean alipiga kelele.

Honorata aliweka keki chini, kwenye lami, kwa uangalifu, kama ina mtoto ndani. Akachomoa funguo za gari lake, akazitumbukiza kifuani ndani ya gauni, akatembea kuelekea kwenye ngazi. Laurean akatoka kumfuata na mkono ameunyanyua, na hapo ndipo watu wa vibarazani waliposhuka. Hawakumgusa. Walisimama tu kati yake na mlango, na makoti yao na vikombe vyao, yule mwanamke wa kigelegele mbele kabisa. Kwenye teksi Orville alikuwa ameanza tena kuimba. Hakuna aliyekumbuka kumzima.

Ving'ora vilianza kusikika mbali, upande wa Greenbelt. Vumilia akavisikia, akajiondoa dirishani, maana sasa wanakuja na wale wenye kuuliza karatasi.

Hatua nzito zikapanda ngazi. Bilha akashika kisu cha mkate.

"Ni mimi," ilisema sauti ya Honorata, inahema. "Niko peke yangu."

Vumilia alisogea mpaka kwenye kochi. Alitaka kufungua. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mnyororo, maana huyu ni mtu mzima, ni shangazi, na tangu utoto umefundishwa kwamba mkubwa akibisha hodi hangojeshwi nje. Halafu akawaza: na yeye alisema anamjua moyo wake. Na mlango wa chini uko wazi.

"Shangazi," alisema, "siwezi."

Vumilia alingoja kukaripiwa.

"Usifungue," alisema Honorata. "Hata mimi usinifungulie. Nikikuambia fungua, usifungue."

Ubao ukalia. Alikuwa amekaa chini, amegeuza mgongo, ameuegemeza mlangoni uzito wake wote, anazitazama ngazi.